Mwanamke wa Kwenye Kabati

Mume wa Mama Pasi alikuwa na mwanamke, na alimfungia kabatini kwa kufuli. Mtaa mzima ulijua, mama yake mzazi alijua, na wala halikuwa jambo la kuvunja ndoa, maana mwanamke mwenyewe alikuwa sauti tu, tena sauti iliyobanwa kwenye santuri moja nyeusi yenye lebo nyeupe isiyo na maandishi.

Mama Pasi alipewa jina hilo kwa kazi yake. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, ndoo ya wanga, na kamba tatu zilizojaa mashati ya watu. Alikuwa na mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Ukimpelekea suruali asubuhi, jioni unaondoka na suruali iliyonyooka na habari za mwenye suruali wa kabla yako.

Mumewe alikuwa kinyume chake. Alitunza stoo ya shule ya ufundi, na kazi hiyo ilikuwa imemwingia mpaka kwenye damu. Hakuwahi kuona kitu asitamani kukifungia. Funguo zilining'inia kiunoni pake zikilia kwa kila hatua, na jambo hilo lilikuwa msaada mkubwa kwa wanawake wa nyumba ile, kama utakavyoona. Watu walimwita Sindano, kwa sababu mtu akimsalimia tu, yeye anamuuliza gramafoni yake inatumia sindano gani.

Sindano hakukusanya santuri za kawaida. Hizo, alisema, ni za kila mwenye masikio. Yeye alitafuta mbichi. Zamani, kabla kiwanda hakijamwaga santuri madukani, kilitoa chache kwanza za kujaribia, lebo tupu, ili wanamuziki na wenye kampuni wasikilize na kusema hapa sawa, hapa ondoa. Mara nyingine waliondoa kweli: ubeti mzima, mpiga gitaa, hata mwimbaji. Wimbo ukaingia madukani umeshanyolewa, na zile chache za majaribio zikabaki na nywele zake zote. Hizo ndizo mbichi, na mwenye nazo hulala usingizi mtamu akijua kuna wimbo ambao dunia nzima inaujua vibaya isipokuwa yeye.

Mbichi yake kuu ilikuwa ya wimbo wa taa. Wimbo wenyewe kila mtu aliujua. Mwanamume anambembeleza mkewe aliyeondoka:

Rudi mpenzi nyumbani, taa nimekuwashia,
Chakula kimeshapoa, nami nakusubiria.

Akishamaliza hapo linaingia tarumbeta, watu wanafumba macho, basi. Lakini kwenye mbichi ya Sindano, kabla ya tarumbeta, mke anajibu. Aliyemuuzia alimwambia kwamba mwenye kampuni alipomsikia huyo mwanamke alisema hapana, wanunuzi wetu ni waume za watu, akamtoa. Sindano alimsikia mara moja tu, kwa muuzaji, kwenye gramafoni inayokoroma, akashika sauti lakini maneno hakuyashika. Alipofika nyumbani, siku ya Jumapili, akaapa kwamba santuri ile haitaguswa na sindano tena, kwa sababu kila kuicheza ni kuila. Akaitia kwenye mfuko wa karatasi, na mfuko wa karatasi kwenye mfuko wa kitambaa, na vyote kabatini, kufuli juu yake. Kila Jumapili alifungua kabati, akaupapasa mfuko wa kitambaa, akafunga. Hata hewa aliiona adui.

Mama Pasi alistahimili. Tuseme ukweli, alistahimili mpaka Jumatatu. Hakuwa mtu wa muziki sana, lakini kuambiwa kwamba ndani ya nyumba yake kuna mwanamke anamjibu mume, na hakuna ruhusa ya kusikia anajibu nini, hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Sindano alipokwenda kazini, funguo zikilia mpaka zikapotea kwenye kona, alilisogeza kabati kutoka ukutani. Mbele lilikuwa na kufuli la kumfanya mwizi aombe radhi. Nyuma lilikuwa na ubao mwembamba ulioshikwa na misumari minne, na miwili ilikuwa inacheza.

"Unafanya nini huko nyuma?" mama mkwe akauliza kutoka mlangoni.

Mama Pasi alitoka na utando wa buibui kichwani. Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi, mama wa Sindano wa kumzaa, na hakuna aliyejua lini yuko upande wa mwanawe na lini hayuko.

"Nafuta vumbi, mama."

"Futa basi haraka tusikilize. Na mimi tangu jana sijalala."

Wakaitoa santuri kwa huko nyuma, wakaicheza kwenye gramafoni ndogo ya chumba cha pasi, kuukuu, yenye sindano ambayo haikuwahi kubadilishwa tangu inunuliwe. Mwanamume akabembeleza, akawasha taa yake, akalalamikia chakula chake. Kisha sauti ya mwanamke ikaja, ya taratibu, haina hasira hata kidogo, kama mtu anayejibu huku anafunga kilemba:

Taa umewasha leo, jana nalala gizani,
Chakula kapika nani, nawe hujui jikoni?
Nitarudi nikitaka, sirudi kwa kuimbiwa,
Shika ufagio kwanza, nikute pamefagiwa.

Mama mkwe alikaa kwenye kapu la nguo safi na kucheka mpaka akashika mbavu. Mama Pasi hakucheka. Alisimama na pasi mkononi, akaona kama mtu amemsemea jambo alilolitafuta miaka yote. Akainua mkono wa gramafoni, akaurudisha nyuma kidogo, na yule mwanamke akajibu tena.

Siri ya watu wawili ni siri. Wa tatu alikuwa mwalimu wa chekechea, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuja kuchukua gauni lake na kuondoka na ubeti mzima. Baada ya hapo kila mwenye nguo za kunyooshwa alikuwa na sababu ya kukaa kidogo. Walikuwa wanairuka sehemu ya mwanamume, maana huyo walimjua, wanamtafuta mwanamke moja kwa moja: sindano juu, sindano chini, rudisha, tena. Mtaani wanawake wakafagia wakiuimba. Zikisikika funguo za Sindano kwenye kona, wimbo unakatika, kabati linarudi ukutani, na Mama Pasi anaonekana amezama kwenye kola ya shati kama mtu wa ibada. Siku moja mama mkwe alijisahau mezani akaanza, "Chakula kapika nani..." Mama Pasi akaangusha kifuniko cha sufuria makusudi. "Nimepika mimi, mama," akasema. Sindano akaendelea kula.

Miaka ikaenda hivyo. Santuri nayo ikawa inachoka. Kwanza yule mwanamke akaanza kuimba kama aliyejifunika blanketi. Kisha sindano ikaanza kuruka: mwanamume anamaliza "nakusubiria", tik, tarumbeta hilo hapo. Wanawake hata hawakujali. Walikuwa wameshamjua kwa moyo, ikifika mahali pake wanamwimbia wao.

Ikawa hivyo mpaka Jumapili ambayo Sindano alirudi kutoka kwenye chama chake amevimba kichwa.

Chama chenyewe kilikuwa cha wanaume sita wapenda santuri, na mwenyekiti wake alikuwa muuza matairi, mtu wa kitambi na sauti, ambaye kwa miaka hakukubali kwamba mwanamke wa Sindano yupo. Siku hiyo alimwambia mbele ya wote, "Sindano, ndugu yangu, mwanamke wako huyo ni jini. Anaonekana na wewe tu. Sisi tumekuheshimu vya kutosha, sasa mlete au nyamaza." Wakawekeana dau la kichama. Mwanamke akisikika, muuza matairi ataosha santuri zote za Sindano kwa mkono wake, moja moja, kwa brashi laini. Asiposikika, Sindano ataosha za wanachama wote na hatatamka tena neno mbichi mbele za watu.

"Wanakuja hapa Jumapili ijayo," Sindano akasema, akiwa amesimama katikati ya mashati. "Mke wangu, siku hiyo nitafungua kabati."

Moshi ukapanda. Mama Pasi alikuwa amesahau pasi juu ya shati jeupe la mhasibu, na alama yake ilibaki pale mgongoni, nzuri kabisa, yenye ncha.

Nisikilize sasa, maana hapa ndipo kwenye uzito. Sindano alikuwa mbahili wa sukari, mfunga madirisha, mtu wa kuhesabu viberiti. Lakini mwongo hakuwa. Alikuwa amewahi kurudi shuleni kwa miguu kurudisha msumari aliouona mfukoni. Katika ndoa yote ile hakuwahi kumdanganya mkewe hata kwa kumsifia chakula kilichoungua. Na sasa angeitwa mwongo sebuleni kwake, mbele ya watu pekee aliojali maoni yao, kwa kosa la mkewe. Mama Pasi alijua hivyo vizuri sana. Usiku ule alimtazama amelala, anakoroma kwa raha, akamwonea huruma mpaka akakasirika.

Kesho yake wanawake watatu walizunguka gramafoni kama madaktari. Waliiosha santuri kwa maji ya uvuguvugu, ikaruka. Waliweka kifungo cha koti juu ya kichwa cha sindano ili kiikandamize, ikaruka ikiwa na kifungo. Mwalimu wa chekechea akapendekeza Mama Pasi amwambie mumewe ukweli kabla ya Jumapili.

"Nimwambie nini? Kwamba kabati lake lina mlango nyuma?"

"Mwambie ni mimi," mama mkwe akasema. "Mtoto hawezi kumpiga mama yake." Akafikiri kidogo. "Au acha. Akiweka sindano tu, mimi nazimia. Wageni wataondoka."

"Mama, huwezi kuzimia kila Jumapili."

"Nitazimia hii. Za mbele tutajua mbele."

Jumapili ikafika. Wanaume sita walikaa sebuleni wamevaa mashati ambayo Mama Pasi mwenyewe aliyanyoosha, na kati ya wale wageni watano hakukuwa na hata mmoja ambaye mkewe hakuujua ule ubeti. Gramafoni kubwa ya Sindano, ile nzuri, ilikuwa imefunuliwa na kupanguswa. Mwalimu wa chekechea na wanawake wengine wawili walikuwa chumba cha pasi, eti wamekuja kusaidia vikombe. Mama mkwe alikaa kwenye kiti karibu na mlango akijipepea kabla ya joto.

Sindano alifungua kufuli. Akatoa mfuko wa kitambaa, akatoa wa karatasi, akaitoa santuri kwa vidole viwili bila hata kuitazama, kwa sababu macho yake yalikuwa kwa muuza matairi. Akaiweka. Akainua mkono wa gramafoni.

Mama mkwe akazimia. Alizimia vizuri, kwa mguno, akamwegemea mjumbe mmoja wa chama. Wanaume wakaruka. Akapepewa, akaletewa maji, Sindano akapiga magoti mbele yake.

"Mama! Mama, unanisikia?"

"Nakusikia. Waambie wageni waende."

"Tutakaa nawe mpaka upate nafuu, mama," muuza matairi akasema kwa upole, na kweli akakaa. Wote wakakaa. Mama mkwe alifungua jicho moja, akaona hakuna anayesogea, akaamua kupona.

Sindano akashusha sindano. Wimbo ukaanza, safi kiasi, gitaa likaingia, wanaume wakatikisa vichwa. Mwanamume akaomba mke arudi. Taa ikawashwa. Chakula kikapoa. Sindano alikuwa ameinua kidole hewani, midomo wazi, uso wake una furaha ambayo Mama Pasi, aliyesimama kwenye pazia na sinia la vikombe, hakuwa ameiona tangu siku ya harusi.

"...nami nakusubiria." Tik. Tarumbeta.

Kidole kilibaki hewani. Sindano akarudisha mkono wa gramafoni nyuma. Tik, tarumbeta. Akarudisha tena. Safari hii ikashika kidogo, mchakacho kama wa mtu anayekanyaga mchanga, na ndani yake kitu kama pumzi, halafu tarumbeta.

"Alikuwepo," Sindano akasema. "Hapa hapa. Nilimsikia kwa masikio yangu."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko. Muuza matairi alitazama chini. "Basi, ndugu yangu," akasema. "Yameisha. Hatutaosha chochote, wewe pumzika tu."

Mama Pasi aliona mabega ya mumewe yakishuka. Akisema, amejivua nguo mbele ya mumewe na mbele ya chama kizima. Asiposema, mumewe ni mwongo aliyehurumiwa, mpaka kufa. Akaweka sinia chini. Akasafisha koo, na kwa sauti ile ile ya taratibu ya mtu anayefunga kilemba akaanza:

"Taa umewasha leo, jana nalala gizani..."

Kutoka chumba cha pasi sauti tatu zikadakia kabla hajamaliza mstari. Mama mkwe akasimama kutoka kwenye kiti chake cha wagonjwa akapiga makofi. Nje, mtu aliyekuwa anapita akaimba "nawe hujui jikoni!" akaendelea na safari yake. Walimaliza ubeti wote mpaka ufagio.

"Shemeji," muuza matairi akasema polepole, "hayo maneno hata mke wangu huwa anayaimba akifagia. Siku zote najua ni ya kwake, ananisema mimi. Mmeyatoa wapi?"

"Kwenye hiyo." Mama Pasi akaelekeza kidole kwenye santuri. Hakumtazama mumewe. "Naicheza. Nimeicheza tangu wiki iliyoletwa. Kabati nalifungulia nyuma."

"Nilishika taa," mama mkwe akasema, ingawa hakukuwa na taa yoyote ya kushikwa.

Muuza matairi akainuka. Akaitoa santuri kwenye gramafoni, akaipeleka dirishani, akaigeuzageuza kwenye mwanga kama anavyofanya na bidhaa zake. Alikaa nayo muda mrefu. "Njooni muone," akaita. "Huku pote pazima. Hapa tu, kipande hiki, pamekwisha, ni kipara. Tairi haliishi bila kutembea. Mtu hawezi kurudia mahali pasipo na kitu mpaka pakaisha hivi." Akamrudishia Sindano santuri yake kwa mikono miwili. "Alikuwepo. Wamemmaliza. Niletee brashi na maji, na kitambaa kisichoacha manyoya."

Basi ikawa hivyo. Mwenyekiti alikunja mikono ya shati na kuosha santuri mpaka jua likaelekea kuzama, na aliporudi kwake alikuwa ameomba maneno ya ubeti, ili ajue hasa amesemwa nini miaka yote hiyo. Wenzake waliondoka naye wakizozana. Mwalimu wa chekechea alikwenda kwake na kubandika sikio ukutani. Mama mkwe alijikumbusha kwamba alikuwa mgonjwa, akaenda kulala.

Mama Pasi alirudi kwenye meza yake, akawasha pasi, akavuta shati la kwanza alilokutana nalo. Alimsikia Sindano akija, funguo kwanza, kisha yeye. Akasimama mlangoni na ile santuri mkononi, bila mfuko, vidole vyote vimeikumbata, jambo ambalo angemfokea mtu mwingine.

"Mtaa mzima," akasema.

"Mtaa mzima."

"Na mama."

"Mama ndiye mkorofi zaidi. Mimi namfuata tu." Akajaribu kucheka, ikashindikana. "Nimekuharibia kitu chako, mume wangu. Nilijua naharibu, na kila siku nikasema leo ya mwisho. Niseme pole, lakini nikikwambia najuta yote nitakuwa naongopa. Tulifurahi sana."

Sindano akaiweka santuri juu ya kapu la nguo. Alikuwa na machozi, na hakuyaficha. "Watu wote wamemsikia," akasema. "Hata muuza matairi, nyumbani kwake, bure. Mimi ndiye mwenye santuri, na mimi ndiye sijasikia anasema nini. Leo mlipoimba masikio yalikuwa yanavuma, sikushika hata mstari mmoja." Akavuta kigoda akakaa karibu na meza. "Niimbie. Taratibu."

Mama Pasi akamwangalia. Huruma ilikuwepo, na mapenzi yalikuwepo, lakini Mama Pasi ni Mama Pasi.

"Huyu haanzi mwenyewe," akasema. "Anajibu. Mpaka abembelezwe kwanza."

"Na nani?"

"Tuko wangapi hapa?"

Sindano hakuwahi kuimba maishani mwake. Aliamini kuimba ni kazi ya santuri. Akatazama mlango, akatazama ukuta ambao nyuma yake mtu alikuwa amebana pumzi, akakohoa, akaanza. Sauti yake ilipasuka kwenye "mpenzi", ikazama kwenye taa, na chakula hakikupoa mahali pake. Lakini alifika mpaka mwisho, mpaka kwenye kusubiri, akanyamaza akimtazama mkewe kama mtu aliyegonga mlango.

Mama Pasi akageuza shati, akanyoosha mkono wa kushoto kwa utulivu, kisha wa kulia. "Rudia," akasema. "Hapo bado hujanibembeleza."